Tanuri Lililofungwa Mguu

Nimestaafu kabla sijaota mvi. Chekeni kwanza, kisha tuendelee. Vumbi jeusi la kukereza grafaiti lilinikaa kifuani, daktari akaniambia nichague kati ya kazi na pumzi, nikachagua pumzi, kwa sababu bila hiyo hata kubishana sitaweza. Ninyi mnaoingia sasa kwenye karakana za mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, na vyeti vyenu vya chuo, kama nilivyoingia mimi, vaeni barakoa. Hilo ndilo jambo pekee ninalowaomba mliamini bila kulijaribu. Mengine yote yajaribuni, pamoja na haya ninayoandika.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza vitu ambavyo hakuna anayeviona: bushi, beringi, na hasa pedi za kukalishia vitu vizito vinavyopata moto. Chuma kikipata moto kinarefuka. Tanuri, boila, bomba la mvuke, vyote vinarefuka vikiwashwa na kurudi vikizimwa, na kila kimoja kinahitaji mahali pa kutelezea. Pakiwa baridi unapaka grisi na kwenda nyumbani. Pakiwa na moto, grisi inaungua, inabaki makaa, na makaa hayatelezi. Hapo inatakiwa pedi ambayo utelezi wake umo ndani ya mwili wake. Kinachobaki kujua ni huo mwili uwe wa nini, na swali hilo limewafanya watu wengi Kariakoo waape kwa jina la Mungu juu ya kipande cha plastiki.

Aliyenifundisha ni Mzee Abeid, mwenye karakana na mashine ya lezi ya kukerezea vyuma, kuukuu kuliko mimi. Siku ya kwanza nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, akanipa tupa ya kusugulia chuma. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeshamuuliza maswali mengi kiasi kwamba alizima mashine.

"Binti, chuoni walikulipa kwa kuuliza?"

"Hapana, mzee."

"Basi na hapa hulipwi kwa hilo. Sugua."

Nikasugua, nikaendelea kuuliza. Tulikaa hivyo miaka yote. Yeye aliamini bronzi, ile shaba iliyochanganywa na bati, yenye vidonge vya grafaiti, ile nyeusi iliyomo ndani ya penseli. Kila tatizo lililoingia mlangoni, dawa yake ilikuwa hiyo, na juu yake grisi kidogo, "kwa baraka." Nilipomwambia grafaiti haihitaji grisi, alisema grisi haijawahi kuua mashine. Kuhusu hilo alikosea, na nitawaeleza tulivyolimaliza, ila kwanza niwaeleze kuhusu tanuri la Ami Salim.

Ami Salim ana kiwanda cha mikate nyuma ya Mtaa wa Msimbazi. Babu yake alitoka Arabuni, baba yake ndiye aliyenunua tanuri, na yeye amezaliwa ghorofani juu yake. Ni tanuri refu kama korido ya hospitali: unga uliokandwa unaingia mbichi upande huu juu ya mkanda wa wavu wa chuma, unatoka mkate upande wa pili. Limesimama juu ya miguu mifupi. Miguu ya mwanzo, kwenye mdomo wa kuingizia, imefungwa sakafuni kwa bolti. Mingine yote imekaa juu ya pedi, ili tanuri likiwaka lirefuke kuelekea nyuma, upana wa vidole viwili hivi. Miguu ya mwisho imekaa juu ya boriti ya chuma iliyozamishwa kwenye ukuta wa nyuma.

Na nyuma ya ukuta huo yuko Mama Manka.

Mama Manka anatoka Kilimanjaro na anauza vyombo kwa jumla: sahani, bilauri, vikombe, vioo vya picha, vyote vimepangwa hadi darini kwenye rafu zilizoegemezwa ukuta huohuo. Ukuta ulikuwa na ufa. Ulianza kama unywele, na nilipoufikia mimi, ulikuwa unapitisha sauti. Nasema kweli. Ukisimama kwa Ami Salim ulimsikia Mama Manka akipatana bei na wateja wa mikoani, na yeye alisikia kila tusi walilotukanana wapishi wa mikate.

"Nimesema na ninarudia," Mama Manka alituambia siku tulipoitwa. "Ufa huu ukiingia mkono wangu, naenda serikali ya mtaa, na huo mkate wenu mtaupika bondeni Jangwani kwenye mafuriko. Ukuta huu ukilala, unalala na duka langu lote. Mnajua bilauri ikianguka inarudi vipi? Hairudi."

"Mama Manka, ni malori," Ami Salim alisema. "Makontena yanatoka bandarini usiku kucha, nyumba nzima inatetemeka. Ufa wa malori unanihusu nini mimi?"

"Malori yanapita mbele ya nyumba. Ufa uko nyuma."

"Basi ni mvua."

"Na mvua nayo inaoka mikate?"

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unakaribia. Mwezi huo tanuri lile halizimwi. Kama serikali ya mtaa ingefunga kiwanda kabla ya hapo, wateja wa Ami Salim wangehamia kwingine, na mteja wa mkate akishahama ni kama ndege wa kufugwa aliyeonja dirisha. Kwa hiyo Ami Salim alituita kwa siri kidogo. Hakutaka tuchunguze ufa. Alitaka tubadilishe pedi, kwa sababu "zimezeeka," ili akiulizwa awe na la kusema.

Mzee Abeid alitoa rula. "Tunakata bronzi, tunatia grafaiti, miguu yote. Kwisha."

Mimi nikauliza: "Tunajuaje kama ni pedi?"

"Binti, tumeitwa kwa pedi."

"Mzee, tukiitwa kwa mchumba tutapeleka mahari?"

Mama Manka alicheka kutoka upande wa pili wa ufa. Ndiyo hasara ya ufa unaopitisha sauti.

Nilimwomba Mama Manka kioo kimoja chembamba cha fremu ya picha. Nilikikata vipande, nikavibandika kwa saruji kuvuka ufa, upande wa duka lake, ncha moja huku na nyingine kule. Jifunzeni hili, ni rahisi na halina upendeleo: kioo hakinyumbuki. Ukuta ukisogea hata kidogo, kinapasuka. Tulibandika siku ya usafi, tanuri likiwa limezimwa na limepoa. Malori yalipita usiku wote, na mvua kidogo ikanyesha. Asubuhi vioo vilikuwa vizima. Tanuri likawashwa. Kabla mkate wa kwanza haujatoka, Mama Manka alipiga kelele kwenye ufa: "Kimekwenda! Cha juu kimekwenda!" Kisha tena: "Na cha chini!"

Ami Salim aliketi juu ya gunia la unga. Hakusema tena habari ya malori.

Sasa tulijua tanuri linasukuma ukuta. Hapo sote tulidhani pedi zimekwisha, zinagoma kuteleza, kwa hiyo tanuri likirefuka linaburuta boriti, na boriti inasukuma ukuta. Ilikuwa fikra nzuri. Tukaanza kuchagua pedi mpya, na hapa ndipo kuna ufundi, basi someni polepole.

Msiulize kwanza ni pedi gani iliyo bora. Ulizeni moto wake kiasi gani, uzito wake kiasi gani, inasogea kiasi gani, na uchafu gani utaiangukia. Kipimajoto cha kutosha moto ule hatukuwa nacho. Tulikata vipande vya waya wa risasi, ule wa kuunganishia redio, tukaweka juu ya kila mguu, na kando yake kipande cha risasi ya mshipi wa kuvulia. Waya wa redio unayeyuka mapema, risasi ya mshipi inachelewa. Mwisho wa siku tulizunguka tukisoma. Miguu ya karibu na mdomo, vyote vizima. Miguu ya kati na ya nyuma, waya umeyeyuka na kuwa kijitone, risasi ya mshipi bado imara. Kwa hiyo moto ulikuwa katikati ya hivyo viwili, na ramani ya tanuri zima tuliipata kwa vitu vya kununua kwenye kibanda kimoja.

Tefloni, ile nyeupe ya vikaango visivyoshika, inateleza kuliko kitu chochote nilichowahi kushika. Muuzaji aliniambia inavumilia moto wowote. Nilikata kipande kinene, nikakiweka mahali pa moto chini ya jeki, nikakikaza kwa uzito wa mguu mmoja. Kesho yake kilikuwa kimetambaa pembeni kama unga wa chapati uliokandamizwa. Hakikuungua, na kwa hilo muuzaji hakusema uongo. Ila kuvumilia moto ni jambo moja, na kuvumilia moto huku umebebeshwa mzigo ni jingine. Tefloni tuliiacha kwa miguu ya karibu na mdomo, mahali pa baridi, ikiwa nyembamba na imebandikwa juu ya bamba la chuma. Mzee Abeid hakufurahi. Yeye alitaka dawa moja kwa wagonjwa wote. Nilimwuliza kwa nini nitumie bronzi mahali ambapo haihitajiki, akasema, "Ili nisiitwe tena." Ni sababu ya haki, lakini si ya kiufundi.

Kwa miguu ya moto, bronzi yenye vidonge vya grafaiti ilikuwa sawa, na nilikubali. Nikaenda kuitafuta iliyo tayari. Katika uchochoro mmoja wa Kariakoo nikaonyeshwa mabamba yanayong'aa, yenye madoa meusi yaliyopangwa vizuri.

"Orijino hii, dada injinia," kijana wa duka alisema. "Nimeishusha bandarini kwa mkono wangu."

"Naweza kuipasha moto?"

"Pasha. Hii imezaliwa motoni."

Nilikuwa na tochi ndogo ya gesi. Madoa yakaanza kufuka moshi, yakanuka gundi, kisha moja likachomoka na kudondoka mezani. Ilikuwa makaa ya betri za redio, yamesagwa na kuchanganywa na gundi.

"Huo ni moshi wa kiwandani," alisema bila kupepesa macho. "Unaisha wenyewe."

"Na doa lililotoka?"

"Lilikuwa la ziada."

Simdharau. Alikuwa na jibu kwa kila kitu, na wahandisi wengi hawana. Lakini tulitengeneza zetu. Tulitoboa bamba la bronzi, tukakereza vidonge kutoka kwenye tofali la grafaiti safi, vikiwa vikubwa kidogo kuliko matundu, tukavisukuma kwa presi bila gundi yoyote. Sasa sikilizeni jambo ambalo hata vitabu hulipitia haraka. Kidonge kinapaka utelezi pale tu kinapopita. Mguu unaosogea vidole viwili, na vidonge vyako viko mbali vidole vinne, una sehemu ambayo haitapakwa kamwe. Matundu yawe karibu kuliko mwendo wenyewe, tena yasipangwe mstari mmoja kama vifungo vya shati. Yapishane, kama vigae vya paa, pasibaki njia kavu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ndipo Mzee Abeid akachukua kopo la grisi.

Sikubishana. Nilichota unga kidogo sakafuni, nikachanganya na grisi yake kwenye kipande cha bati, nikakiweka mahali pa moto juu ya tanuri. Kiwanda cha mikate, kumbukeni, uchafu wake ni unga. Baada ya muda nilimletea bati. Kilikuwa kigaga cheusi, kigumu, kimeshika bati hata patasi ilipata taabu kukibandua. Mzee Abeid alikigonga kwa ukucha, akakitazama huku na huku.

"Ungetia chumvi," alisema, na kopo akalirudisha kwenye sanduku. Hakuligusa tena katika kazi ile. Juu ya kila pedi tuliweka bamba laini la chuma kisichoshika kutu, pana kuliko pedi yenyewe, kama mwavuli, ili unga usipate pa kukaa.

Pedi zilikuwa tayari. Tungeweza kuzifunga siku ile. Lakini kulikuwa na swali moja lililonisumbua, la kijinga kabisa: nilikuwa nimepima moto na uzito, ila mwendo nilikuwa nimehesabu tu. Sikuwa nimeuona. Nilichukua chaki, nikachora mstari kwenye kila mguu ukiendelea hadi kwenye chuma kilicho chini ya pedi, tanuri likiwa baridi. Likawashwa. Mguu wa pili ulisogea kidogo, kama ilivyopaswa. Wa katikati ulisogea zaidi, ukikwaruza. Wa mwisho, ule uliopaswa kusogea kuliko yote, mstari wa chaki ulibaki umenyooka.

"Pedi imegoma kabisa," Mzee Abeid alisema.

"Pedi iliyogoma inapiga kelele, mzee. Huu umenyamaza."

Mpishi mkuu wa mikate, Kombo, Mpemba mnene aliyelitumikia tanuri lile tangu enzi za baba yake Ami Salim, alikuwa amesimama nyuma yetu akifuta mikono iliyokwisha kufutwa.

"Zamani ulipiga kelele," alisema. "Mguu huo. Ulilia kila asubuhi, kama mlango wa kaburi."

"Ukaacha lini?"

Alimtazama Ami Salim, kisha sakafu. "Nilipoufunga."

Tulikwangua. Kigaga cha unga na grisi za miaka kilitoka vipande vipande, na chini yake, kwenye miguu yote miwili ya mwisho, kulikuwa na mkanda mnene wa chuma kilichochomelewa, mguu na boriti vimekuwa kitu kimoja. Uchomeleaji mzuri sana. Mchomeleaji yule, popote alipo, alijua kazi.

"Kombo!" Ami Salim alisema. "Umelifunga tanuri la baba yangu mguu? Kama mbuzi?"

"Mbuzi usipomfunga anapotea, bosi. Lilikuwa linaondoka. Kila nikitazama, mguu uko ukingoni mwa boriti. Nikasema siku moja litaanguka na watu wako mbele yake. Wewe ulikuwa safarini. Nikaita fundi wa mtaani. Tangu siku hiyo likatulia."

"Likatulia!" sauti ya Mama Manka ilitoka kwenye ufa. "Likaanza kunisukuma mimi!"

Fikirini kidogo kabla ya kumcheka Kombo. Aliona chuma kinasogea, akaogopa, akakizuia. Kelele zikaisha, na kila mtu katika jengo lile akahesabu kimya kuwa ni afya. Hata sisi tulipoingia tulitazama pedi kwa sababu tuliambiwa pedi. Kama tungezifunga pedi zile nzuri chini ya miguu mingine na kuuacha ule, tanuri lingeteleza vizuri zaidi hadi ukutani, na lingesukuma kwa nguvu zaidi, maana hakuna tena cha kulikwaruza njiani. Kazi nzuri ingeangusha duka la Mama Manka haraka kuliko kazi mbovu.

Tulisubiri tanuri lipoe kabisa ndipo tukakata. Usikate kamwe chuma kilichofungwa kikiwa cha moto, hujui kinasukuma upande gani wala kitaruka wapi. Tulinyanyua kwa jeki mguu baada ya mguu, tukasafisha, tukaweka pedi, tukachomelea vizuizi vidogo mwishoni mwa boriti, mbele kidogo ya pale mguu unapopaswa kuishia, ili hofu ya Kombo ipate jibu lake. Hofu yake haikuwa ya kijinga. Boriti ilikuwa fupi kweli. Jibu lake ndilo lilikuwa baya.

Mama Manka alibandika vioo vipya mwenyewe. Hakutuamini, na alikuwa na haki.

Siku ya kuwasha, Ami Salim alisimama kwenye mdomo wa tanuri akisoma dua chini kwa chini. Kombo alichuchumaa kwenye mguu wa mwisho na chaki mkononi. Upande wa pili Mama Manka alikuwa amefunga duka na kuketi kwenye kreti, uso mbele ya kioo. Moto ukapanda. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu.

"Imetembea?" Mama Manka aliuliza kupitia ufa.

"Bado, mama."

"Kioo kizima."

Mzee Abeid aliniangalia. Nadhani alitaka kuniuliza ninajuaje. Nilikuwa na hesabu tu, na hesabu ile ile ndiyo ilikuwa imenidanganya mara ya kwanza.

"Inatembea," Kombo alisema.

Hakukuwa na mlio. Mstari wa chaki ulikuwa umekatika, nusu ya juu imeanza kuiacha nusu ya chini. Tulitazama ikiachana hadi upana wa kidole, kisha karibu vidole viwili. Kombo aliinua mikono kidogo, kama mtu anayetaka kumdaka mtoto anayejifunza kusimama, kisha akaishusha. Mguu ulifika karibu na kizuizi, ukasimama bila kukigusa.

"Imefika," alisema. "Mama, kwako?"

Ami Salim aliacha dua.

"Mama Manka!"

"Msinipigie kelele," sauti ilirudi. "Nakifuta vumbi nione vizuri." Kisha: "Kizima. Vyote vizima."

Ramadhani ile tanuri halikuzimwa. Serikali ya mtaa haikuitwa. Baada ya Idi mwashi alikuja kuziba ufa, na Mama Manka alimsimamia kama askari. Alimruhusu azibe kote isipokuwa sehemu mbili: mahali penye kioo kimoja, na tundu dogo kando yake, la kupitisha kidole. Ami Salim alimwuliza tundu ni la nini. Alisema ni la kazi.

Wiki iliyopita nilipita kununua mkate, siku hizi ndiyo shughuli yangu na tanuri. Ilikuwa asubuhi, ndiyo kwanza limewaka. Kombo, mwenye mvi ambazo mimi sijapata, alikuwa amechuchumaa nyuma kabisa. Anachora chaki kila siku ingawa hakuna aliyemtuma. Tundu la ukutani likasema:

"Kombo. Imetembea?"

Akatazama mstari wake, hakuwa na haraka.

"Imetembea, mama."

Nikasikia komeo la duka upande wa pili likifunguliwa.